Mkono Nyuma ya Mwimbaji

Miaka minne nilimtunza mama mmoja mzee nyumbani kwake huko Crystal, ughaibuni. Nilimwita Shosho, yaani nyanya, na alilipenda neno hilo kuliko jina lake, akidai lina mdundo.

Kila Jumamosi alasiri tulitazama vipindi vya zamani vya muziki kwenye runinga. Nilivipenda, sikatai. Picha nyeusi na nyeupe, wanaume waliojipaka mafuta nywele hadi zikang'aa, wachekeshaji wasiochekesha hata kidogo, kisha bendi inaingia na Shosho anaanza kutikisa mabega. Nilijihisi niko tena kwa jirani yetu Kakamega, tulikojazana sakafuni mbele ya runinga ya mbao huku mwenye nyumba akitukemea tusikohoe.

Shosho alisema naye aliwahi kuimba katika kipindi cha namna hiyo, kikirushwa moja kwa moja, nyuma ya mwimbaji mkuu. Bintiye, aliyekuja kila Jumapili kutoka Maplewood, hakuamini. Mama hakuwahi kulitaja jambo hilo kabla ya kuanza kusahau, alisema, basi ni ugonjwa tu unaomtungia hadithi. Mwenzangu wa zamu ya asubuhi, Mkenya kama mimi, alinikabidhi kazi akicheka: "Leo ame-refuse ku-shower, ati make-up itaharibika, anangojwa stejini. Wewe usibishane naye, mwekee tu muziki."

Sikucheka. Shosho mwenyewe alikuwa ameanza kukata tamaa. "Labda niliota tu," aliniambia Jumamosi moja, na siku hiyo mabega yake hayakutikisika. Niliudhika kana kwamba nimeibiwa mimi.

Nikaanza kutafuta. Nilikuwa pia mwanafunzi wa uuguzi, nilipaswa kusoma mifupa na misuli, lakini wiki nzima nilipekua mtandao. Vipindi vingi vya zama zile havikuhifadhiwa. Hatimaye nikapata kipande kifupi chenye jina la bendi aliyoitaja Shosho, nikakiweka Jumapili, bintiye akiwepo.

Mwimbaji mkuu alikuwa mpana kama kabati. Nyuma yake walisimama wasichana watatu, na wa tatu alikuwa amezibwa kabisa. Ulionekana mkono wake wa kushoto tu, ukifuata mdundo.

"Ni mimi huyo," Shosho akasema kwa sauti ndogo.

"Mama, huo ni mkono tu. Unaweza kuwa wa mtu yeyote."

Nikaisimamisha picha. Kidole cha mwisho kilikuwa kimejitenga na wenzake, kimepinda kwa nje, ncha imeinuka. Kidole hicho nilikuwa nimekikata ukucha kwa miaka minne. Lazima ukishike kwa pembeni, la sivyo kinakuponyoka. Nikauinua mkono wa Shosho, nikauweka kando ya ule wa kwenye runinga.

"Ni yeye," nikasema.

Bintiye alitazama mkono mmoja, akatazama wa pili, kisha akaketi zuliani miguuni pa mama yake. "Si nilikuambia?" Shosho akasema bila kinyongo, akaomba kipande kirudiwe. Tulikirudia mpaka chai ikapoa.

Wakati wa kuondoka bintiye alinishika bega mlangoni. "Unamjua mama yangu kuliko mimi."

Nikajibu kwamba ni kazi tu. Halafu nikaenda jikoni kuosha vikombe, nikalia. Mama yangu mzazi alikuwa Kakamega, akiogeshwa na msichana wa kazi ambaye sikuwahi kumwona. Nilijaribu kuikumbuka mikono ya mama, kidole kwa kidole. Nilishindwa.