Punda Asiye na Kichwa

Leo nimetwaa tuzo ya kwanza kwenye maonyesho ya wachoraji hapa Amu!

Haya, nimesema uongo. Tuzo kapewa binti mmoja wa kijiji cha Shela. Mimi nimepewa kiti na soda.

Lakini nisikilizeni.

Nilipeleka picha yangu ya kwanza kabisa, ya miaka ya hamsini. Ni punda wa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, nilimchora kwa makaa juu ya ubao wa sanduku la chai.

Hana kichwa.

Jaji akauliza, "Mzee, huku kukosa kichwa kuna maana gani?"

Nikakohoa kisomi. "Ni sisi hao, bwana, enzi za mkoloni."

Jaji akaanza kuandika. Tuzo naiona hiyoo!

Mara nyuma yangu: "Muongo wee!"

Bi Zena wa Wiyoni, niliyesoma naye chuoni. "Kichwa kilikuwapo! Mwalimu akituambia mwenye kuchora kiumbe kamili, Kiyama ataambiwa akipulizie roho. Basi mwalimu alipotokea mlangoni, nikakifuta kichwa kwa leso yangu, huyu asipigwe!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jaji akafunga kalamu.

Nami nikacheka mpaka machozi. Nilimwona Bi Zena tena vile alivyokuwa utotoni, kashika leso, vidole vyeusi kwa makaa.

Niambieni, nimeonewa au sikuonewa?

Bi Zena, najua wajukuu watakusomea haya. Nakudai kichwa. Njoo kesho baada ya alasiri unieleze sura ya yule punda. Mimi nimeisahau, na tuliomjua tumebaki wawili.