Bomba Lililoishia Chini ya Kiti

Nakumbuka siku ile kwa harufu yake kwanza, mwanangu, kabla ya kitu kingine chochote. Sandali, karafuu, mafuta ya waridi, na udi ambao shangazi zangu walinifukiza tangu alfajiri mpaka nywele, nguo na ngozi vikawa kitu kimoja. Kwetu sisi Wanubi wa Koboko, bibi arusi unamnusa kabla hujamwona. Nakwambia hili mapema kwa sababu harufu ile nzuri ndiyo iliyotuficha kifo. Na nakwambia wewe kwa sababu jana ulikuja dukani kwangu hapa Arua na gari lako la turbo, milango miwili, linang'aa, ukaniuliza kama ninauza bomba pana la moshi. Ulisema unataka kulikata lile la zamani lote, sailensa na kila kitu, ili Jumamosi mkienda Koboko kumchukua bibi arusi mji mzima ujue mmefika. Nikakwambia uje leo. Ukadhani sina mzigo. Mzigo ninao, umejaa huko nyuma. Lakini kaa kwanza kwenye hicho kiti unisikilize, na hiyo simu itie mfukoni.

Siku hiyo bibi arusi nilikuwa mimi. Usicheke. Na mimi niliwahi kuwa na kiuno.

Niliolewa na Ramadhani, huyu huyu mzee unayemwona akisinzia mlangoni na redio yake. Kwao ni hapa Arua, kwetu ni Koboko, na barabara ya wakati ule haikuwa hii ya lami mnayoteleza juu yake leo. Ilikuwa ya murami, udongo mwekundu mtupu, gari likipita unakohoa hata ukiwa ndani ya nyumba. Ramadhani alikuwa na mdogo wake, Sadiki, kijana mzuri wa sura na wa moyo, na tena mwenye kupenda kuonekana. Sadiki alikuwa na gari la michezo la turbo, la milango miwili kama lako. Aliapa kwamba shemeji yake hatabebwa na gari lingine lolote duniani.

Sasa mambo ya turbo huna haja ya kunifundisha. Turbo inazungushwa na moshi wa injini yenyewe, na moshi ukipata njia pana ya kutokea, gari linapumua vizuri na kukimbia. Hilo ni kweli. Siwezi kuuza vipuri umri wangu wote kisha nikae hapa nikudanganye kwamba bomba pana halifai. Ila moshi huo lazima uende mahali, mwanangu. Ukiukatia njia yake, utajitafutia nyingine.

Wiki ya arusi Sadiki alilipeleka gari kwenye gereji moja ya mjini. Wakakata bomba kuanzia pale linaposhuka kutoka kwenye turbo. Wakatoa kile kikopo cha kusafishia moshi, wakatoa sailensa, wakachomelea bomba pana. Bomba lenyewe halikutosha kufika nyuma. Fundi akaliishilizia katikati ya gari, chini ya kiti cha nyuma, akaukunja mdomo wake kidogo kuelekea chini. Akasema kipande kilichobaki kitaungwa gari likirudi, maana arusi imefika na bwana Sadiki ana haraka. Sadiki akalijaribu mjini, vioo vyote chini, peke yake, akapanda mpaka Mvara na kurudi. Watu walitoka madukani kutazama. Kwake huo ukawa ndio ukaguzi. Hakuna aliyekaa kiti cha nyuma, wala hakuna aliyeinua zulia kuona kwamba kizibo cha mpira cha sakafuni kilikuwa kimeng'oka siku nyingi, na tundu lake likiwa juu tu ya mdomo wa bomba jipya.

Walifika Koboko asubuhi. Tuliwasikia kabla hatujaona vumbi lao. Watoto walikimbia barabarani, wanawake wakapiga vigelegele, na mama mmoja jirani, aliyekuja kwetu akikimbia vita vya Sudani, alijifungia ndani akagoma kutoka. Sadiki alishuka akicheka, meno yote nje.

"Shemeji yangu iko wapi?" aliita. "Leo watu ya Koboko itajua kama Arua iko na gari!"

Ndani, bibi yangu alikuwa akinifunika uso. Sisi bibi tunamwita habuba. Habuba wangu ndiye aliyenilea, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wangu, na wangu unaujua. Alininong'oneza maneno ya mwisho ya unyago: "Sasa wewe hapana sema kitu. Kiu ikishika wewe, nyamaza. Mkojo ikishika wewe, nyamaza. Hii mdomo itafunguka kwa bwana yako, si kwa shemeji, si kwa njia. Umesikia?" Nikaitikia kwa kichwa. Hata kwake sikujibu kwa sauti, na alifurahi sana.

Mpambe wangu alikuwa Halima, binti ya mjomba. Tulinyonya pamoja, tukasoma madrasa pamoja, tukaiba maembe pamoja. Kazi ya mpambe ni kukaa na bibi arusi, kumshika mkono, kumpangusa jasho, na kumsemea pale yeye asipoweza kusema. Tulikunjiwa kiti cha mbele tukaingia nyuma, mimi nyuma ya Sadiki, Halima upande wa pili. Masanduku yangu yakajazwa kwenye kiti cha mbele mpaka juu. Unajua mwenyewe kwamba magari ya namna hii vioo vya nyuma havifunguki. Vya mbele vilipandishwa kwa sababu ya vumbi, isipokuwa cha Sadiki, alichokiachia mwanya mdogo wa kutolea sigara. Magari mengine ya msafara yalikaa mbali nyuma yetu, yasimeze vumbi letu. Ndivyo tulivyoanza safari, tumefungiwa kama nguo sandukuni, tunanukia.

Mlio ule, mwanangu, siwezi kuueleza. Ulipanda kwenye miguu ukaingia mpaka kwenye meno. Halima alifurahi mwanzoni, akawa anacheza kwa mabega huku ameketi. Tulipoacha nyumba za mji alininong'oneza sikioni, "Miguu yangu inapata joto." Nikaubana mkono wake, maana ndivyo tulivyokubaliana, nitajibu kwa mkono. Baadaye kidogo akasema, "Zaituni, kichwa yangu inauma." Nikaubana tena. Changu pia kilikuwa kinauma. Nilidhani ni udi, au njaa, au machozi niliyoyamwaga tangu jana yake. Bibi arusi yeyote kichwa humuuma. Na harufu mbaya haikuwapo hata kidogo, ilikuwa sandali tupu na waridi.

Halima alimwita Sadiki. Nilimsikia mimi niliyekuwa ubavuni pake. Sadiki hakusikia, bomba lilikuwa linanguruma. Alimwita tena, sauti ikiwa ndogo zaidi, kisha akaacha.

Tulipopita Maracha Sadiki alipunguza mwendo kwa sababu ya ng'ombe. Akapaza sauti bila kugeuka, "Nyuma huko muko sawa?"

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka kusema. Ulimi ulikuwa mzito na macho yananipotea, na ndani yangu sauti ya habuba inasema nyamaza. Halima hakujibu. Sadiki alicheka, akapiga usukani kwa kiganja. "Bibi arusi kweli hii! Adabu iko mpaka kwa mpambe!" Akakanyaga mafuta.

Njiani kabla ya kufika Arua mkono wa Halima ulilegea mkononi mwangu. Nilidhani amelala. Nikamwonea hata wivu kidogo.

Walitupokea kwa ngoma ya doluka. Mlango ulipofunguliwa hewa iliniingia kama maji ya baridi, nikashushwa, nikaanguka kifudifudi mbele ya wakwe zangu na kutapika juu ya mkeka mpya. Wanawake wakadhani ni woga. Mmoja alimchungulia Halima akasema, tazama huyu alivyolala, mashavu mekundu, mzuri kuliko bibi arusi. Wakamwita. Wakamtikisa. Ngoma iliendelea kwa muda, kwa sababu waliokuwa nje hawakujua, na sauti ile ya ngoma mpaka leo ikipigwa arusini mimi hutoka nje nikasimama.

Hospitali walisema ni moshi wa gari. Wakatueleza kwamba ndani ya moshi mna sumu isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta hulala tu asiamke. Lakini kabla maneno hayo hayajafika Koboko, tayari watu walishamsema mke wa mjomba aliyechanganya manukato, kwamba ametia kitu. Mama wa watu alifiwa na kusingiziwa kwa pumzi moja. Alikuwa mama yake Halima mwenyewe.

Tulimrudisha Halima Koboko siku hiyo hiyo, kwa gari lingine. Habuba alikuwa hajaondoa hata vyombo vya udi. Mikono iliyonipaka mimi mafuta asubuhi ndiyo iliyomwosha Halima, na jua lilikuwa bado lipo. Mimi niliketi pembeni na nguo zangu za arusi, uso bado umefunikwa, bado sijasema neno. Habuba alipomaliza alinijia, akautoa ule mtandio kwa nguvu nikasikia nywele zinang'oka.

"Sema!" alisema. "Sasa sema! Mimi nilisema nyamaza kwa shemeji. Nani alisema nyamaza mutu akikufa kwa mkono yako?"

Akanitazama sana. Kisha mwanamke yule, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata alipomzika mumewe, akaketi chini kwenye maji yaliyomwagika akajipiga kinywani kwa kiganja. "Ni mimi," alisema. "Mdomo yako nilifunga mimi. Mimi, na ile pipe ya Sadiki."

Ndoa ilifungwa baadaye, bila ngoma. Sadiki aliliinua gari akaona mwenyewe lile tundu, limezungukwa na masizi meusi upande aliokanyaga Halima. Alipeleka funguo kwa mjomba, akapiga magoti uani. Mjomba hakuzipokea na hakumfukuza, alimwacha tu hapo amepiga magoti mpaka watu wakaja kumwinua. Gari lilikokotwa mpaka shamba lao la Dadamu na halikutoka tena. Ukienda utaliona, kuku hutagia ndani yake. Sadiki hajashika usukani tangu siku ile. Kila Idi huja hapa kwa miguu, hukaa na kaka yake, hunywa chai, huondoka. Nilimsamehe zamani. Yeye ndiye hajamaliza.

Na habuba, kabla hajafa, alibadili unyago wa nyumba yetu. Bibi arusi wetu huongea garini. Dereva akiita, lazima aitikie kwa sauti, shemeji asikie, mji usikie. Vikongwe wa Koboko walinung'unika kwamba tumewaharibu wasichana. Habuba aliwajibu, "Mimi nataka wasichana waharibike, wafike."

Basi, mwanangu, bomba nitakuuzia. Sikukatazi gari lako, ujana wenyewe ni mfupi. Lakini nitakuuzia refu, la kutoka kwenye turbo mpaka nje kabisa ya bampa ya nyuma, na gasketi zake mpya, na vizibo vya sakafu, na sailensa utaiacha. Kile kikopo cha kusafishia moshi pia usikitoe. Usiruhusu fundi akwambie kipande kitaungwa baadaye. Gari lisipokamilika kabla ya Jumamosi, bibi arusi aje na gari la mtu mwingine, hata likiwa bovu, hata mkichekwa. Usilijaribu kwa masikio yako tu, fundi alitazame kwa chini, injini ikiwa ya moto na inanguruma, ayapitie maungio yote. Vioo usivifunge vyote kwa ajili ya vumbi, nguo hufuliwa. Mtu akisema kichwa kinauma, simama, fungua milango, washuke wote, usiulize ni udi au ni njaa. Na usiwe kijana ambaye gari lake lina sauti kubwa kuliko watu aliowabeba.

Zaidi ya yote, waite. Kila mara, kwa majina yao. Usiulize tu "muko sawa" kisha ucheke. Mwite bibi arusi jina lake, mwite na mpambe jina lake, na asipoitika hata mmoja, kanyaga breki hapo hapo, adabu zitafuata baadaye.

Sasa simama nikakutolee bomba lako. Mungu akulinde barabarani, akupe mke, akupe watoto wenye makelele, akuzeeshe kama mimi na akuache na meno yako. Na kila utakapomwita aliye nyuma yako, Mungu amjalie akuitikie.