Mama Majani Alipokataa Kuuza

Mwanamke muuza chai, ambaye mtaa mzima humwita Mama Majani, hapimi kitu kabla ya kukinusa. Hufumba macho, huyasugua majani ya chai ya kijani kwa vidole vilivyopauka, kisha huipuliza mizani kama anayepoza uji wa mtoto. Mmoja wa wateja wake alikuja kila Jumamosi tangu saratani ya matiti imchukue dada yake. Jumamosi moja alitaka kilo nzima, maana alikuwa amegusa kivimbe kifuani mwake.

"Wanasema chai hii ina vitu vya kuzuia saratani," alisema, mkono ukiwa juu ya kivimbe.

"Wataalamu bado wanachunguza, mwanangu. Na hata wakikubali, majani hayana macho ya kuona kilichomo humo kifuani. Umepimwa?"

Mteja akatikisa kichwa. Mama Majani akayarudisha majani yote koponi, akabana kifuniko kwa kofi. "Basi leo sikuuzii hata jani. Nuna mpaka mdomo ufike chini, lakini hospitali utakwenda."

Alikwenda, kanuna kweli, akiomba dua njia nzima. Siku ya tisa alirudi na karatasi ya majibu: ni kifuko cha maji tu, si saratani. Mama Majani aliisoma mara mbili kwa kidole, kisha akajibwaga juu ya gunia.

"Mungu mkubwa! Tangu uondoke, mwenzio chakula hakipiti kooni."

Mteja akacheka, halafu akalia palepale. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alimlilia dada yake bila kujililia mwenyewe.