Usiku wa Akiba Kati ya Ndege na Treni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti, sikupewa kazi. Shefu, yaani mkuu wa Ajansi ya safari, Mbelgiji mnene aliyetafuna karanga tangu ofisi ifunguliwe mpaka ifungwe, alinionyesha kiti karibu na dirisha, akaniambia nikae nisome ratiba ya treni iliyobandikwa ukutani. Nilisoma mpaka adhuhuri. Ndipo akaniuliza: msafiri akitua Elisabethville na ndege ya asubuhi, akapanda treni ya jioni ileile, atafika Kasongo lini? Nilimjibu haraka, kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani. Akacheka mpaka maganda ya karanga yakamwangukia kifuani.

“Feruzi, unahesabu muzuri, lakini unahesabu karatasi,” alisema. Kiswahili alijifunza kulekule Kasongo, na kwa Mzungu hakikuwa kibaya. “Treni iko na saa. Avioni haina saa, iko na mawingu. Mutu ndiye anaumia pale katikati.”

Ninyi mnaopanda pikipiki kwenda Salamabila bila kumwuliza mtu, acheni niwaeleze kazi yenyewe, maana imekufa na jina lake limezikwa nayo. Tuliiita koresipondansi, yaani kuunganisha safari. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, reli ya Kamina imekwisha kufika Kabalo. Wazungu wa pamba, wa migodi na wa misioni walirudi kutoka likizo kwa ndege iliyoruka usiku kucha, ikatua Kano kutia mafuta, ikaendelea. Kutoka Elisabethville, mji mkubwa wa kusini, walipanda treni: Kamina, Kabalo, Kongolo, hadi Samba, stesheni iliyo ng'ambo ya mto Lualaba tukiitazama kutoka huku kwetu. Pale Samba gari liliwachukua mpaka mtoni, wakavuka kwa baki, kile kivuko cha chuma ambacho wafanyakazi wake walikifunga jua likizama, hata aje nani. Baada ya hapo ni Kasongo, na wa Kabambare walilala, kesho yake kabla ya alfajiri wakapanda kamyo, yaani lori, kupitia Lusangi.

Vipande hivyo vyote vilifungwa na mikono yangu. Nilimpelekea telegramu shefu wa gare, yaani mkuu wa stesheni, ashike nafasi kwenye behewa. Nilimtafuta dereva wa Samba na kamyo ya Kabambare. Fundo moja likilegea, yote yanalegea, na mama mmoja wa Kizungu anajikuta amekaa juu ya sanduku lake Kabalo akilia, watoto wanamtazama.

Kwa hiyo tulikuwa na kanuni, nayo ni usiku wa akiba. Hukumpandisha mtu treni siku ileile ambayo ndege inatua. Ulimchagulia ndege ya kutua jana yake, ili mawingu yakiila siku moja, bado imebaki nyingine. Wasafiri waliuchukia sana usiku ule. Wametoka Ulaya kwa usiku mmoja, kwa nini walale bure Elisabethville? Walinirushia maneno ya kila namna, nami niliyaacha yapite. Shefu alinifundisha jambo la pili, na hili alilisema akiwa hatafuni kitu: “Usimwahidi mutu kufika. Sema tu, safari yako imepangwa.” Nililishika neno hilo kuliko nilivyolishika neno lolote la chuo cha Kurani.

Baadaye alikuja Shefu mwingine, kijana, mtu wa ngazi za kazi na mihuri. Akaona ofisi ya Kasongo haihitaji makarani wawili, akanihamishia Samba, nipange safari na kuwapokea wasafiri palepale wanapotelemka. Huko nilikaa miaka.

Samba haikuwa mbaya. Tatizo lake ni kwamba hakuna aliyekuja Samba kwa ajili ya Samba. Treni ilisimama, watu wakamiminika, wakaniuliza maswali, wakaniita kwa jina kama ndugu, kisha magari yakaondoka na vumbi likatua, nikabaki mimi na shefu wa gare, aliyekuwa hazungumzi ila kuhusu treni. Mke wangu alivumilia msimu mmoja wa mvua. Akaniambia, “Feruzi, wewe ni mume wa wapita njia,” akavuka baki kurudi kwao Kasongo, na baba yake akaniletea maneno ya talaka kwa adabu. Sikumlaumu. Nilipika mwenyewe, nikala mwenyewe, na nilikuwa najikuta nasema kwa sauti majina ya stesheni, Kongolo, Kabalo, Kamina, ili tu nyumba isikike ina mtu.

Nilikuwa na kaka mmoja, Assumani, mkubwa wangu, na dada yetu Zaina aliyeolewa Kabambare na kukaa na mama. Assumani alikuwa mpishi wa bwana mmoja wa pamba. Bwana yule aliporudi kwao moja kwa moja alimchukua Assumani, maana mke wake alikwisha kusahau kupika. Kwa hiyo mtoto wa Kabambare akaenda kukaa Ubelgiji, akatuletea picha amevaa koti refu, na mama akaibandika ukutani, akawa anaipa salamu kila asubuhi. Alisema jambo moja tu, akalirudia miaka yote: “Mimi sitaki kitu cha Ulaya. Nataka Assumani anishushe kaburini kwa mikono yake.” Kwetu ni haki ya mtoto wa kwanza wa kiume. Mama alikuwa amezaa wengi na kuwazika wengi, akataka angalau hilo liende kwa mpango.

Halafu Zaina akanipelekea habari na dereva: mama iko mubaya, tumbo limevimba, hali tena chakula. Nikapeleka telegramu Ubelgiji. Yule bwana wa pamba, nimshukuru kwa haki yake, alimlipia Assumani nauli ya ndege mara moja. Na ombi la kumpangia safari likaja kwangu, kama la msafiri yeyote, jina lake limeandikwa kwa herufi za mashine.

Niliikazia macho ratiba ile niliyoijua kuliko kiganja changu. Moyo uliniambia, mpandishe treni siku ileile anayotua, asilale bure njiani. Mkono ukakataa. Nikampangia usiku wa akiba kama kwa wote. Ila kwa Wazungu usiku ule ulikuwa wa hoteli, na hoteli ya Elisabethville haikumpokea Mweusi hata akishuka kutoka angani. Nikamwandikia fundi cherehani mmoja wa Kasongo aliyekaa kule, mtu ambaye mlango wake ulijulikana na kila mtu wa kwetu aliyepotea kule mjini. Akajibu kwamba wali utakuwa jikoni.

Wali ule haukuliwa. Ndege iliharibika injini Kano, ikalala huko, ikatua Elisabethville siku ya treni yenyewe. Assumani alitoka kwenye ndege akaingia kwenye behewa, usiku wa akiba umeliwa wote. Shefu wa gare wa Elisabethville alinipigia telegramu: abiria wako amepanda. Nilikaa chini, nikalia kwa furaha, peke yangu. Kama ningeufuata moyo, na kumpangia ndege ya siku ya treni, kuchelewa kama kule kungemkosesha treni, angoje nyingine siku nyingi. Nikamwachia dereva wa Samba maagizo ya kumpokea, nikaomba ruhusa, nikatangulia Kabambare kukaa na mama.

Mama alinitambua. Aliniuliza, “Assumani iko wapi?” Nikamwambia, “Iko Kamina, mama.” Kesho yake akauliza tena, nikasema, “Iko Kabalo.” Akatabasamu kidogo. Nadhani alikuwa anamwona anavyokuja, stesheni kwa stesheni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kazi yangu ilikuwa na maana kwa mtu wa kwetu.

Alfajiri iliyofuata, adhana imekwisha, mama akakata roho mkononi mwa Zaina.

Hamhitaji kuambiwa na mimi kwamba kwetu maiti hangoji. Aliyekufa alfajiri huzikwa kabla ya jua kutua, na hata hivyo watu wanaona mmechelewa. Wanawake walimwosha, wanaume wakaenda kuchimba. Kisha Mwalimu wa msikiti na wazee wa ukoo wakaniita uani, wakanikalisha kwenye mkeka. Alizungumza Mwalimu, mzee mpole aliyenisomesha juzuu za kwanza.

“Feruzi, wosia wa mama yako tunaujua wote. Haraka ndiyo sunna. Lakini tukijua kwa hakika mutoto wake anaingia kesho asubuhi, tunaweza kumuacha ndani usiku huu, tumuzike akifika. Siwezi kuwaweka watu na maiti kwa kubahatisha. Wewe ndiye mutu wa treni. Ndugu yako atafika?”

Wote wakanitazama. Zaina alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mdomoni.

Mchana huo Assumani alipaswa kutelemka Samba. Treni ikiwa na retari, yaani ucheleweshaji, baki litakuwa limefungwa, atalala ng'ambo. Akivuka, kamyo ya kesho ipone njia ya Lusangi, na mvua ilinyesha juzi. Nilivijua vyote, na Kabambare hakukuwa na waya wa kumwuliza mtu. Nilitaka kusema atafika. Neno lilikuwa hapa, kwenye meno.

“Safari yake imepangwa, Mwalimu,” nilisema.

“Najua imepangwa. Nauliza, atafika?”

“Siwezi kuapa.”

Mzee mmoja, baba mdogo wetu, akavuta pumzi. “Basi. Ngoja ngoja inaumiza matumbo, na hii ni maiti ya mama yetu.” Mwalimu akaniwekea mkono begani, akainuka. Baada ya sala ya adhuhuri tulimchukua mama, nami ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea. Alikuwa mwepesi.

Kesho yake asubuhi, kabla jua halijawa kali, kamyo ilisimama mbele ya nyumba. Katika miaka yangu yote ya koresipondansi sijapata kuona safari iliyofungana namna ile. Treni haikuwa na retari. Baki lilikuwa upande wa Samba likimngoja. Njia ya Lusangi ilikuwa imekauka. Assumani alishuka na koti lake la kwenye picha mkononi, akaona mikeka imetandikwa uani na watu wamekaa kimya, akajua.

Alinifuata mimi, si Zaina.

“Jana?” aliuliza.

“Jana, adhuhuri.”

“Hamukujua naingia leo?”

“Mimi nilijua mpango. Mwalimu aliniuliza kama niko na hakika. Nilisema siwezi kuapa.”

Hakugomba. Heri angegomba. “Ulisema kweli,” alisema, “mutu hawezi kuapa.” Kisha akamwomba Zaina amwonyeshe kaburi, wakaenda wawili, nami nikabaki nimeshika koti lake.

Alikaa mpaka arobaini ikasomwa. Tulikula sahani moja, tukalala chumba kimoja, tukazungumza habari za mihogo na za majirani. Jina la treni halikutajwa. Hakurudi Ulaya, alikwenda Elisabethville akapata kazi kwenye jiko la hospitali moja, akaoa huko. Nilipotaka kumpangia safari ya kwenda, alisema hataki mpango wowote, atapanda tu itakayokuja. Aliniandikia kwa kila Idi, salamu nzuri, na mimi nikamjibu. Hatukuonana tena. Alikufa huko miaka mingi baadaye, na habari zilinifikia amekwisha kuwa udongo, kama ilivyo haki ya kila maiti.

Uhuru ukaja, kisha vita. Treni zikawa zinakuja zikipenda, halafu zikaacha kupenda. Ajansi ikafungwa. Nilistaafu bila sherehe, maana hakukuwa na Shefu wa kunishika mkono, nikavuka Lualaba na sanduku moja, nikaja kukaa Kabambare katika chumba cha uani kwa Zaina, Mungu amrehemu naye. Sasa nalelewa na watoto wake. Wananitunza vizuri, sina lawama.

Watu wakiniuliza kama ningejibu vingine siku ile kwenye mkeka, nawaambia hapana. Sikujua kama atafika, na mtu nisiyejua kama atafika siwezi kumwekea maiti. Nalisema hilo bila kutetemeka. Lakini nawaambia pia kwamba ukweli unaweza kumwacha mtu peke yake kama uongo unavyomwacha, na hilo hakuna Shefu aliyenifundisha.

Juzi, baada ya homa kunishika, nilimwita binti mkubwa wa Zaina, nikampa wosia wangu. Nilimwambia siku yangu ikifika wasipoteze wakati uani kuulizana nani yuko njiani na atafika lini. Wanizike mapema, wasimngoje mtu.

Alikuwa anakunja nguo zangu. Aliacha, akafikiri, akaniuliza kwa upole, kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu na alitaka kujua kweli:

“Mujomba, nani atakuwa njiani?”

Nilitafuta jina la kumpa, na bado nalitafuta.