Kiraka Anaivua Mapambo Ratiba ya Maji

Ofisini walimwita Kiraka, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Lilitoka kwenye mpira: mchezaji kiraka ni yule unayempanga namba yoyote naye akacheza. Kurasa za mbele wanazoziona watu alicheza, mitambo ya nyuma wasiyoiona alicheza, hata printa ikigoma aliitwa yeye. Kazi yake hasa ilikuwa kuandika programu za tovuti, kwenye kampuni ndogo iliyopanga ghorofani, juu ya duka la matairi.

Kampuni ile ilikuwa na kaugonjwa kake. Kila Jumatatu, kikao kikianza, lazima mtu aje na kiunzi kipya. Kiunzi, kwa asiyejua, ni msimbo wa programu uliokwisha kuandikwa na watu wengine huko duniani. Unauchukua na kujenga tovuti yako juu yake ili usianze moja. Jambo jema kabisa. Shida ni kwamba kiunzi nacho kinaegemea viunzi vingine, navyo vina wajomba na mashangazi, na ukoo mzima unahamia kwenye kompyuta yako kabla hujaandika hata neno "Karibu". Ukigeuka kidogo, mmoja wao katoa toleo jipya na hasemi tena na wenzake. Waandishi wa programu hulalamikia mambo haya mchana kutwa, halafu Jumatatu wanaleta kingine. Sijapata kuona watu wanaoipenda kero yao kiasi kile.

Kiraka ndiye aliyetengeneza ratiba ya maji. Idara ya maji ya mji ilitaka ukurasa mmoja tu: mtaa gani unapata maji siku gani. Jedwali, basi. Lakini kazi ilimkuta ndiyo kwanza ametoka kujifunza kiunzi kilichokuwa kwenye chati, na mikono inamwasha. Akajenga ratiba ambayo ukigusa jina la mtaa, matone yanadondoka, pazia linafunguka, kisha siku zinaingia moja moja kwa maringo kama maharusi. Wateja wakapiga makofi. Bosi akamsifu mpaka kichwa kikamvimba. Kwenye simu za bei nafuu ukurasa ulizunguka na kuzunguka hadi mtu akachoka akaenda kumuuliza jirani, ila hilo halikuzungumzwa kikaoni.

Basi Kiraka akapata mimba. Mumewe, fundi wa friji, alifurahi kupita kiasi. Kila akirudi kazini alilisalimia tumbo kwanza, mkewe baadaye. Kiraka naye alifurahi, lakini hofu moja ilimkaa rohoni. Kabla yake, mwenzao aliyekuwa akichora kurasa alikwenda likizo ya uzazi, akarudi na keki ya kuwashukuru, akakuta kiti chake kina mwenyewe. "Mambo yamebadilika, dada," Bosi alimwambia, tena huku anakula ile keki.

Kiraka alijipa moyo kwa hoja moja. Mimi hawanigusi, alijiambia. Ile ratiba nani mwingine ataiweza?

Zikafika siku za kukabidhi kazi. Aliyekabidhiwa alikuwa jirani yake wa meza, mtu mpole aliyeitwa Babu kwa sababu ya upara uliomuwahi. Babu akaiingiza ratiba kwenye kompyuta yake, akaiwasha. Kioo kikajaa maandishi mekundu.

"Inasema kuna kitu hakionekani," alisema.

"Futa, weka upya."

"Nimefuta."

"Zima, washa."

"Kiraka, nimezima mpaka chaja nimechomoa. Hapa labda tuombe dua."

Kiraka akazunguka meza, tumbo likitangulia. Kwake ratiba ilicheza vizuri, pazia na matone yake. Kwa Babu ilikuwa maiti. Akatazama huku, akatazama kule, kisha akashika mdomo.

"Mungu wangu. Niligusa ndani."

Wanaofanya kazi hiyo wanajua maana yake. Msimbo wa kuazima una folda yake, kila kompyuta hujipakulia ya kwake upya, na humo hakuna kuingiza mkono. Unautumia kama ulivyokuja. Lakini zamani, siku moja ya haraka, kiunzi kilimsumbua, akafungua folda, akabadilisha mstari mmoja wa msimbo wa watu, akaahidi kesho atafanya kwa utaratibu. Kesho hiyo haikufika. Kumbe ratiba ya mji mzima ilikuwa inaishi kwenye kompyuta moja tu, ya kwake, ile yenye kona iliyopasuka.

"Kwa hiyo hii ikiibiwa?" Babu aliuliza.

"Mji unabaki kubahatisha."

Walicheka hadi wakashika mbavu. Simu ikalia katikati ya kicheko. Idara ya maji: bomba kubwa limepasuka, mitaa ya bondeni isingoje maji leo, iandikwe kesho. Neno moja tu. Babu alitoa macho, hakuweza. Ikabidi Kiraka akae yeye, abadilishe neno, aviamshe viunzi vyote na ukoo wao, angoje, arudie, angoje tena.

Alipokuwa akingoja, alijiona yuko wodi ya wazazi, simu sikioni, anamwelekeza Babu, "Fungua folda, hapana, siyo hiyo." Na jambo lililomuumiza ni kwamba picha ile ilimfariji. Wakimpigia, maana yake kiti bado chake. Aliona aibu pale pale alipokaa. Watu wa bondeni wamekinga ndoo, yeye anafarijika kwamba bila yeye hawatajua lini maji yatatoka.

Akapiga moyo konde. "Babu, vuta kiti. Tunaivua."

Wakatoa pazia. Wakatoa matone. Walipotoa kiunzi chenyewe, Kiraka alihisi kama anafumua gauni aliloshona mwenyewe. Ikabaki jedwali, maandishi meusi kwenye weupe; kubadilisha siku ni kufungua faili, kuandika, kuhifadhi. Babu alijaribu, ikakubali mara ya kwanza. Akaifungua kwenye kisimu cha mlinzi wa duka la matairi, ikafunguka papo hapo.

"Ndiyo hivi tu?"

"Ndiyo hivi tu."

"Lakini sasa hata mimi naiweza."

"Najua."

"Hata Bosi anaiweza."

"Usinikumbushe, Babu."

Babu akaelewa. Bosi alipopita alikunja uso, akauliza mbona imekuwa kavu hivi. Kiraka akamjibu kwamba inafunguka, akachukua mkoba wake akaenda zake kujifungua.

Mtoto alikuja salama, mwenye sauti ya kuuza samaki. Kiraka alipumzika, akanyonyesha, akasinzia, na kila akizinduka aliitazama simu kabla ya mtoto. Hakuna aliyepiga. Akafungua ratiba: siku zimebadilishwa, sahihi, na aliyezibadilisha hakumuuliza kitu.

Asubuhi moja simu ikalia. Babu!

"Imeharibika?" aliuliza hata kabla ya salamu.

"Nini?"

"Ratiba."

"Ratiba iko poa, haina neno. Nimepiga kuuliza tumepata shangazi au mjomba."

Kiraka akakaa kitako. Alikuwa ametamani iwe imeharibika. Alilijua hilo waziwazi, kama mtu anavyojua ana njaa.

"Shangazi," alisema. "Babu, kiti changu nani anakikalia?"

"Hakuna mtu. Kipo tu."

Alitaka kuuliza kama kinamngoja yeye, au ni kwamba siku hizi hahitajiki mtu wa kukikalia. Maneno yalifika kwenye ulimi, akayameza, kwa sababu Babu asingejua na yeye asingelala. Bafuni bomba lilikohoa, maji yakaanza kutoka siku ile ile iliyoandikwa, na mumewe akapita mbio na ndoo huku akiisifu ratiba. Kiraka akamgeuzia mtoto titi la pili, akacheka, na machozi yakamtoka.