Nani Alifuta Sauti Yangu kwenye Kadi ya Mume Wangu?

Ijumaa, tarehe 9. Asubuhi ya ukungu mzito kutoka upande wa mto. Jua limetoka saa tatu.

Ndugu wa ukurasa huu wa ushauri, nifichieni jina. Nina miaka thelathini na nne, niko Kasongo, ni mshonaji na mama wa watoto watatu. Nilimaliza sekondari, na mwaka wa mwisho somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa falsafa, filozofia kama tulivyoiita darasani. Mume wangu, nitamwita Baba Zaina, ananunua dhahabu kule Salamabila na hurudi nyumbani baada ya miezi mitatu au minne. Mimi huandika daftarini kila kinachotokea, pamoja na tarehe yake. Kwa hiyo haya si ya kukisia, isipokuwa pale nitakaposema mwenyewe kwamba ninakisia.

Kufikia mwaka jana ndoa yetu ilikuwa imeishiwa maneno kabisa. Akipiga simu ni "Watoto wazima?" "Wazima." Basi. Nikaona tunahitaji kitu cha kuzungumzia. Mwalimu wangu wa zamani alikuwa amenieleza kuhusu podikasti, vile vipindi vya sauti unavyopakua kwenye simu, nami nikapata viwili vya falsafa. Kimoja ni cha watu wawili wanaobishana; kinachekesha, lakini ukianza nacho utapotea. Kingine ni cha profesa anayefuata historia yote, kuanzia Wagiriki wa kale, akapitia kwa wanafalsafa Waislamu, mpaka Waafrika wa leo. Anayetaka kujifunza nampa ushauri huu hata sasa nikiwa na uchungu: anza na huyo profesa, na usiruke somo, kwa sababu kila mwanafalsafa anamjibu aliyemtangulia.

Mtandao wa Salamabila ni wa shida; simu inapita, lakini kupakua ni taabu. Basi nilipakua masomo hapa, matano matano, nikayaweka kwenye kadi ya memori, nikaificha ndani ya kiberiti na kumpa mtu wa pikipiki anayekwenda huko kupitia Kabambare. Tulikuwa na kadi mbili: moja kwake, moja kwangu ikijazwa mapya juu ya yale ya zamani. Na mbele ya kila somo nilirekodi sauti yangu, dakika moja tu: "Baba Zaina, hili lisikilize vizuri, nilikukumbuka kwa sababu hii na hii."

Mwanzoni alinicheka. "Mama Zaina, umeniandikisha masomo tena, na hizi ndevu zangu?" Lakini alisikiliza. Kila Jumamosi tukawa tunabishana kwenye simu. Lilipofika somo la kitu kilichobadilishwa vipande vyote, kama bado ni kitu kilekile, alisema: "Baiskeli ya baba tulibadilisha magurudumu, cheni, mpaka fremu. Na jaribu kuiiba, utaona kama haiko ya baba!" Nilicheka mpaka watoto wakaamka. Miezi hiyo ilikuwa mizuri kuliko ya harusi.

Tarehe 20 ya mwezi uliopita akanieleza juu ya urafiki, kwamba rafiki wa faida na rafiki wa kweli hawafanani. "Tulicheka sana," akasema, "maana huku wote iko wa faida."

"Mulicheka na nani?"

"Ah... na watu."

Nilifungua daftari. Urafiki ni somo la ishirini na mbili. Mimi nilikuwa nimetuma mpaka la ishirini. Kadi yenye yanayofuata ilikuwa bado ndani ya kopo langu la vifungo.

Alhamisi iliyofuata kadi yake ilirudi ili niijaze. Nikaiweka kwenye simu. Masomo yote ishirini yalikuwepo, na mengine kumi, la ishirini na moja mpaka la thelathini, ambayo sikuyaweka mimi, yamepangwa vizuri katika folda iliyoitwa "Ya jioni". Sauti zangu hazikuwepo. Si moja, si mbili. Zote ishirini.

Nilimwuliza mtu wa pikipiki, "Baba Zaina anakaa na nani kule jioni?"

"Mama, mi nabebaka mizigo, sibebake maneno." Hakunitazama usoni.

Wifi yangu alipoona ninakonda, akanitania: "Mwanaume mwenye bibi wa pembeni anasikiaka rumba, haiko filozofia! Weye ulisoma sana, njo maana hulalake."

Pengine anasema kweli. Pengine (hapa ninakisia) ni mchimbaji aliyesoma, aliyepakua mengine kwa wema, na kadi ikajaa. Profesa mwenyewe alifundisha kwamba shaka si ushahidi. Lakini sauti ya dakika moja inakula nafasi gani? Kuna mtu aliketi akazifuta, na mtu huyo hakutaka kunisikia.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba Baba Zaina amekuwa mtu mwema. Jumamosi iliyopita aliniambia, "Mama Zaina, unisamehe ile miaka nilikuwa nakujibu kama polisi wa bariere ya barabarani." Miaka kumi na moja nimelingojea neno hilo. Limekuja, nami nikabaki kujiuliza ni nani amemfundisha kulisema. Halafu akaongeza kwamba mwezi huu hatarudi.

Kumwuliza kwenye simu siwezi. Atanijibu tena "na watu". Kadi mpya iko mezani. Mbele ya somo la thelathini na moja nimerekodi maneno machache tu: "Baba Zaina, nani alifuta sauti yangu?" Mtu wa pikipiki anaondoka Jumapili alfajiri. Nikimpa kiberiti, atakayekifungua kwanza huenda asiwe mume wangu. Nikipanda mwenyewe nyuma ya pikipiki, nitafika bila kutangaza, na huenda nikavunja kitu kizuri nilichokijenga mwenyewe, au nikakuta wengine wamekihamia. Ninyi mliopita njia hii, niambieni kabla ya Jumapili: nitume kadi, au nipande pikipiki?

Nimefunga daftari saa tano ya usiku. Usingizi umekuja saa nane na nusu. Mstari huu nimeuongeza asubuhi, kabla ya kuwatumieni.