Nilivyomfundisha Kisoda Kuruka

Jina la Kisoda tulimpa sisi, siku ile ile alipoingia idara ya kufunga sabuni, kwa sababu alikuwa mfupi na akikaa nyuma ya katoni humuoni. Akacheka nasi. Angefanya nini? Alikuwa kibarua, na kibarua akinuna anaambiwa kesho asije.

Pale kiwandani mwanamke asiye na cheti alikuwa na njia moja tu ya kuandikwa kazi ya kudumu: timu ya mpira wa wavu. Bosi aliipenda timu yake kuliko sabuni yake. Kila mwaka kocha alitupanga kwenye ukuta wa ghala, wachezaji na vibarua wanaotaka kujaribu. Unasimama, unanyoosha mkono, unaweka alama ya chaki. Unaruka, unaweka nyingine. Anapima kilicho katikati. Mchezaji wa mwisho anatoka, anarudi kwenye kibarua, na kibarua aliyemshinda anachukua nafasi yake. Mimi nilikuwa na miaka sita kwenye timu, na kilo kumi nilizoongeza humo humo. Wa mwisho nilikuwa mimi, sifichi.

Kisoda alinifuata wakati wa chakula.

"Dada, nifundishe kuruka. Mwanangu masikio yanatoa usaha. Daktari anasema apasuliwe, na mtoto wa kibarua hapasuliwi bure."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Lakini alikuwa akinibebea katoni zangu, mgongo wangu ukipumzika, nikasema haya, twende nyuma ya ghala tukaone vituko.

Jamani, aliruka vibaya! Anachuchumaa kama anayetafuta sindano, anakaa huko chini akiwaza, mikono inaning'inia, ndipo anainuka. Sentimita thelathini na moja.

"We mama, unaruka au unaota?" nikamwambia. "Usichuchumae hivyo. Shuka kidogo, haraka, na ukifika chini usikae, ondoka papo hapo. Mikono irudi nyuma, kisha irushe juu kwa nguvu, ikuvute. Vidole vya miguu viwe vya mwisho kuiacha ardhi. Na macho juu! Chini umeacha nini?"

Mjinga mimi. Yule mwanamke alishika kila neno. Miezi mitatu, kila mchana, mimi nakula, yeye anaruka. Arobaini. Arobaini na sita. Siku alipofika hamsini na mbili chakula kilinikwama, maana mimi nilikuwa hamsini na moja.

Siku hiyo ndipo nilipomtazama vizuri anavyoshuka. Alikuwa anatua kwa mguu mmoja, umenyooka, goti likiingia ndani. Alipokuwa anaruka kidogo haikuwa na neno. Sasa alikuwa anatoka juu. Kosa hilo hilo kocha alinitukania mwaka wangu wa kwanza, mbele ya watu, kwa hiyo nalijua. Mdomo niliufungua kabisa nimwambie. Nikautia tonge.

"Vizuri, mdogo wangu," nikasema baadaye. "Hivyo hivyo."

Siku ya kupimwa aliruka hamsini na nane. Wenzetu wakapiga kelele za furaha. Halafu akatua. Goti lile lililia, tulilisikia wote, hata bosi kwenye kiti chake. Kocha akatazama alama ukutani, akamtazama yeye pale chini, akasema mchezaji asiyeweza kusimama si mchezaji, akalikata jina lake. Mimi nikabaki. Na nililala fofofo, mkitaka kujua.

Sasa Kisoda anatembea kwa gongo. Anafua nguo za watu, amekaa. Jumapili humpelekea vipande vya sabuni, naye hunishukuru mpaka natamani kumzaba kofi.

"Dada huyu alinihangaikia," huwaambia majirani. "Ni bahati yangu tu mbaya."

Jumapili iliyopita binti yake alikuwa uani na chaki. Ana miaka tisa.

"Mama mkubwa, nitazame!"

Akaruka kama mama yake, mikono safi kabisa. Akatua kama mama yake, mguu mmoja, umenyooka. Nikakaa kimya. Akaruka tena, nikakaa kimya tena. Mara ya tatu kile kigoti kikaingia ndani, nikajikuta nimesimama.

"Tua kwa miguu yote miwili! Kunja magoti!"

Hakusikia. Masikio yale yale, hayajapasuliwa hadi leo. Ikabidi nipige kelele uani kote.

"Kunja magoti, utavunjika kama mama yako!"

Mtoto akaendelea kuruka. Nyuma yangu, kwenye beseni, kufua kukakoma. Niligeuka. Kisoda alikuwa ameshika shati la mtu, linachuruzika maji mapajani mwake, na ananitazama mimi, si mtoto.

"Kumbe ulikuwa unajua, dada."